Makaa Aliyoyatoa Tuffnell

Barua ya kampuni ya kujenga nyumba ilikuwa mezani tangu Alhamisi, imeegemezwa kwenye chupa ya jamu, na mpaka Jumamosi asubuhi hakuna mtu aliyekuwa ameitaja. Horace Tuffnell aliisogeza ili achukue jamu, akairudisha palepale. Winifred, mkewe, aliisogeza alipofuta meza, akairudisha palepale. Mgeni angedhani ni picha ya marehemu.

Aliyeitaja alikuwa mama yake Horace, Bibi Ada, mwenye miaka themanini na minne, masikio mabovu na ulimi mzima.

"Hiyo barua itaota mizizi hapo," alisema. "Isomeni au ichomeni."

"Tumeshaisoma, Mama."

"Eti?"

"Nimesema tumeshaisoma!"

"Haya, inasemaje?"

Horace akamtazama Winifred, Winifred akaitazama chai yake. Barua ilisema kampuni ingenunua ekari zote tano za Tuffnell pamoja na nyumba, kwa pauni elfu kumi na nane, mradi jibu lipatikane kabla ya saa sita mchana Jumatatu, tarehe kumi na nne Januari. Baada ya hapo haiahidi bei hiyo wala nyingine. Horace aliyasema hayo kwa sauti ya juu, mara mbili, na kuyapigia kelele kulimfanya ayaonee haya.

"Na mabanda ya vioo ya nyanya?" Bibi Ada aliuliza.

"Watayavunja. Wanataka ardhi tu."

"Baba yako aliwasha moto wa kuyapasha joto kila Desemba miaka thelathini na sita. Mabomu ya Wajerumani yakidondoka hapo barabarani, yeye yuko tanurini. Sasa nyie mnamkimbia nani?"

Hakuna aliyemjibu, kwa kuwa jibu lilikuwa refu na masikio yake yalikuwa mafupi. Waliyekuwa wakimkimbia hakuwa mtu. Lilikuwa Soko la Pamoja la Ulaya.

Serikali ya Uingereza ilikuwa Brussels mwaka wa pili sasa, ikibisha hodi ili iingizwe sokoni humo. Magazeti yaliandika habari za heshima ya taifa. Watu wa bonde la Lea, kaskazini mwa London, walisoma habari za nyanya. Siku nchi itakapoingia, ushuru unaoizuia nyanya ya Italia utafutwa, na nyanya ya Italia huivishwa na jua, ambalo halidai kitu. Nyanya ya Horace huivishwa na makaa ya mawe. Kabla ya Krismasi, kwenye mkutano wa chama chao, bwana mmoja kutoka London alisimama na kijiti na chati, akawaambia kwamba nusu ya waliokuwa ukumbini watakuwa wamefunga katika miaka mitatu. Watu wakaanza kutazamana kuona nusu hiyo ni akina nani. Tangu hapo wakulima watatu wa kijijini walikuwa wameuza, na mchana ukisimama uani kwa Tuffnell ulisikia vioo vikivunjwa upande wa kanisani, kwa mafungu, kama mtu anayemwaga sahani.

Horace aliogopa. Sitaki kuzunguka hapa: mtu mzima wa miaka hamsini na sita, mpana wa mabega, aliogopa mpaka akawa hawezi kumaliza mkate wake. Hakuogopa umaskini peke yake. Aliogopa kuwa wa mwisho kuuza, siku ambayo ardhi ya bonde zima itakuwa sokoni na hakuna anayeitaka.

*

Tanuri lilikuwa kwenye shimo nyuma ya banda la kwanza, ngazi saba chini. Humo alimkuta Salvatore Tumminello, Msisili aliyemfanyia kazi mwaka wa tisa sasa, akisawazisha majivu. Salvatore na mkewe walikaa kwenye nyumba ndogo iliyokuwa mwisho wa shamba, na ekari zikiuzwa, nyumba hiyo ilikwenda nazo.

"Makaa yamebaki ya siku tano, bosi. Sita nikiwa bahili."

"Lori?"

"Lori gani? Reli imeganda, barabara imeganda. Leo nimeona bata amekwama kwenye mtaro, nimempiga teke ndo akatoka."

Majira yale hayakuwa na huruma. Theluji iliyoanguka siku ya pili ya Krismasi haikuwa imeyeyuka hata kidogo, na mto wenyewe ulikuwa umeshika barafu. Ndani ya banda, hata hivyo, miche elfu kumi na moja ilisimama kwenye vikopo vyake, kila mmoja na majani manne, na kipimajoto kilikuwa kwenye mstari mwekundu ambao marehemu mzee Tuffnell aliuchora kwa rangi ya kucha ya mkewe. Chini ya mstari ule kwa saa chache, miche hudumaa. Chini zaidi, hufa.

Salvatore akafuta mikono. "Kule baa wanasema unauza."

"Kule baa wanasema mengi."

"Percy Aldous kaniambia, 'Salvatore, nyanya za shemeji zako zinakuja kutumaliza.' Nikamwambia shemeji zangu ni mafundi viatu." Alicheka, kisha akaacha. "Bosi, ukiuza niambie mapema. Mke wangu ana mimba. Simwambii kitu mpaka wewe uniambie kitu."

"Nitakuambia," Horace alisema. Alishindwa kumtazama, akaenda kukisoma kipimajoto ambacho alikuwa amekisoma dakika mbili zilizopita.

*

Jioni ile Winifred alikuwa anaosha vyombo na Horace anafuta. Kama kungekuwa na wakati wa kusema, ulikuwa huo.

"Wewe unaonaje?" Horace aliuliza.

Winifred aliona mengi. Alikuwa amepanga nyanya kwenye masanduku tangu akiwa msichana, aliipenda harufu ya majani yake mikononi, na wazo la kuishi kwenye nyumba iliyobanana na nyingine lilimtia baridi ya moyo. Lakini alikuwa amemwona mumewe akiacha mkate siku tatu. Akajiambia, mtu huyu amechoka, anaomba ruhusa ya kupumzika, nami nisiwe mzigo.

"Wewe ndiye unayejua zaidi, mpenzi," alisema.

Horace akasikia: nitoe hapa. Alikuwa amesubiri aambiwe, "Usithubutu." Neno hilo moja lingemtosha. Akaikausha sahani ile mpaka ikapiga kelele, akaiweka kabatini.

"Basi sawa," alisema.

"Sawa," alisema Winifred.

Ndivyo walivyo watu wa bonde lile. Nimeishi nao sana na nawapenda, lakini wangeacha nyumba iungue kuliko kuingilia mazungumzo ya moshi. Miaka thelathini ya ndoa, na uamuzi mkubwa kuliko yote ukafanywa na watu wawili ambao hakuna aliyeutaka.

*

Bwana Cleeve, ajenti wa kampuni, alifika Jumatatu saa tano na nusu, viatu vyake vizuri vikiwa ndani ya mifuko ya mpira. Alikataa kuvua koti. Alizisifu keki za Winifred, akamsalimia Bibi Ada kwa sauti ya kawaida, naye akamjibu, "Ya kulia, uani," akidhani anauliza choo.

"Nisikuchoshe, Bwana Tuffnell. Wiki mbili zijazo tutakuwa ndani ya Soko. Mimi nina mtu wangu London, anajua. Siku ile wenzako wote watanipigia simu mimi, na nitakuwa nachagua."

"Na Aldous?" Horace aliuliza. Shamba la Percy Aldous ndilo lililokuwa mbele, kando ya barabara. La Tuffnell lilikuwa nyuma yake. "Bila yeye mtapitisha wapi njia?"

"Aldous yuko mfukoni," alisema Cleeve, akagonga koti lake. "Amebakiza kusema tu."

Horace alitazama dirishani. Winifred alikuwa amesimama mlangoni na birika, na kama angeliweka chini kwa kishindo, mambo yangekuwa mengine. Alimimina chai.

"Haya," alisema Horace, akatoa mkono.

Cleeve akaupokea kwa mikono yake miwili. Karatasi, alisema, wakili ataleta mwisho wa juma. Ni utaratibu tu.

Alipoondoka Horace alikwenda moja kwa moja shimoni na kumwambia Salvatore, kwa kuwa alikuwa ameahidi. Salvatore alichomeka beleshi lake kwenye majivu.

"Umesaini?"

"Tumeshikana mikono."

"Bosi, kwetu mtu akiuza punda, kamba haiachii mpaka hela ziwe mfukoni. Na mfuko aushone."

"Hapa mkono ni mkono, Salvatore."

Saa nane Percy Aldous akaja akiburuta kijigari cha theluji cha watoto wake, amevaa soksi mikononi badala ya glavu. Alikuwa mwembamba, na wakati wa kuomba alizidi kuwa mwembamba.

"Horace, naona aibu. Makaa yangu yanaisha leo usiku. Niazime hata mifuko mitatu. Lori likija..."

"Si unauza, Percy?"

"Nani, mie? Cleeve kaja mara mbili, nikamwambia nitafikiria. Joyce hataki kusikia. Anasema akiniona na kalamu atanivunja vidole." Akacheka kwa huzuni. "Wewe je?"

"Nimekubali leo."

Hapo ndipo Horace alipofanya jambo ambalo, ukilitazama upande mmoja, ni wema mtupu. Miche yake ilikuwa imeshauzwa pamoja na ardhi, kwa mtu asiyehitaji miche. Ya Percy ilikuwa bado ni chakula cha watoto. Kuchoma makaa chini ya mimea iliyohukumiwa, huku ya jirani ikiganda umbali wa ua mmoja, aliona ni dhambi.

"Chukua yote," alisema.

"Yote?"

"Walete vijana wako na mkokoteni. Si mkopo. Mimi sina kazi nayo tena."

Percy alimshika bega, kitu ambacho hakijawahi kutokea tangu shule. Mpaka saa kumi shimo lilikuwa limefagiliwa. Salvatore alikataa kuutoa moto, akasema kiuno kinamuuma. Horace aliutoa mwenyewe, akauvuta kwa chuma mpaka kwenye majivu na kuumwagia ndoo ya maji. Maji ya kwenye mabomba yaliyopeleka joto bandani angeyafungulia yatoke kesho. Bibi Ada, ambaye chumba chake kilikuwa juu, upande wa uani, alifunua pazia akaona bomba la moshi halitoi kitu. Akaliacha pazia lianguke.

*

Saa kumi na mbili jioni taarifa ya habari ilisomwa redioni kama kawaida. Winifred alikuwa anakata viazi. Msomaji akasema, kwa sauti ileile ya kutangaza hali ya hewa, kwamba mchana huo Rais wa Ufaransa aliwaambia waandishi kuwa Uingereza haijawa tayari kuingia katika Soko la Pamoja, na wachambuzi wanaona kwamba mlango umefungwa.

Kisu cha Winifred kilisimama katikati ya kiazi.

"Kasemaje?" Bibi Ada aliuliza. "Nani kafa?"

"Hatuingii, Mama," alisema Winifred. Kisha akamgeukia mumewe na yale yote aliyoyameza Jumamosi yakatoka kwa mkupuo. "Hatuingii, Horace! Sikutaka! Mimi sikutaka kuuza hata siku moja!"

Horace alimtazama kwa macho ya mtu aliyeamshwa. "Hukutaka?"

"Nilidhani wewe ndiye unayetaka. Na hujasaini kitu!"

Horace hakungoja koti. Alikimbia uani akianguka kwenye theluji, akafungua banda na kuweka kiganja kwenye bomba. Lilikuwa bado vuguvugu. Kipimajoto kilikuwa kimeshuka vidole viwili chini ya mstari mwekundu. Humo gizani miche elfu kumi na moja ilisimama mbele yake, haijui kitu.

Salvatore alikuwa ameshasikia. Alikuja mbio na masanduku ya kupakia nyanya, akaanza kuyavunja kwa mguu. "Haya yanatufikisha saa nne, labda tano. Makaa, bosi! Nenda kwa Aldous! Mwambie akurudishie nusu tu!"

Horace alikwenda. Alifika mpaka kwenye geti la Percy Aldous. Moshi wa makaa yake ulikuwa unapanda wima juu ya banda la jirani, na dirishani alimwona Joyce akicheka na kumkumbatia Percy, maana nao walikuwa wamesikia redio. Horace aliweka mkono kwenye komeo. Aliona mabeleshi mawili ya makaa yamemwagika njiani, meusi juu ya theluji, na akawaza kuyaokota.

Alikuwa amesema si mkopo. Alilisema kwa kinywa chake. Mtu hurudi vipi kudai zawadi saa nne baada ya kuitoa? Nawe msomaji utasema, si angebisha tu! Percy angempa, tena kwa machozi. Horace alilijua hilo, na ndilo lililomshinda: kuona machozi hayo, na yeye kusimama mlangoni na mkokoteni. Akasimama pale mpaka nyusi zikashika barafu. Kisha akarudi.

"Kasemaje?" Salvatore aliuliza.

"Hayupo," alisema Horace. Ulikuwa uongo wake wa kwanza kwa mtu yule.

Walichoma masanduku yote, wakachoma viti vya uani, ngazi, na mlango wa banda la zana. Winifred aliziba nyufa kwa mablanketi, na saa saba usiku akaleta kabati dogo la arusi yake akalitupa chini ngazini. Baada ya hapo hakukuwa na kitu kingine cha kuungua ila nyumba.

Asubuhi miche ilikuwa imelala, ina rangi ya mchicha uliochemshwa. Bomba la pili lilikuwa limepasuka na barafu ikining'inia kama mshumaa. Salvatore alipita mstari baada ya mstari, akigusa mmoja mmoja kwa kidole, mpaka Winifred akamwambia aache.

*

Bwana Cleeve alipiga simu Alhamisi. Hakuja mwenyewe.

"Mambo yamebadilika kidogo, Bwana Tuffnell. Aldous amekataa kabisa, na bila barabara shamba lako kwetu ni... utanielewa. Kampuni imeona isubiri."

"Tulishikana mikono," alisema Horace.

"Naam, na nilifurahi sana kukufahamu."

"Nimezima moto. Nimezima moto kwa sababu ya mkono ule."

"Lakini hiyo sikukuomba mimi, bwana," Cleeve alisema, na kwa bahati mbaya alikuwa anasema kweli.

Bila mazao Horace hakuwa na mshahara wa kumlipa Salvatore, naye akapata kazi kwenye kiwanda cha matofali, na chumba kimoja karibu nacho. Siku ya kuhama, mkewe alimletea Winifred kopo lenye mche mmoja wa nyanya uliokuwa dirishani kwake jikoni. Winifred alishukuru, akasubiri gari liondoke, ndipo akalia.

Mwisho wa Februari, theluji ikiwa bado haijatoka, Horace Tuffnell aliingia kazini kwa Percy Aldous kama mtu wa tanuri, kwa pauni tisa na nusu kwa juma. Percy alimwomba kwa aibu, Horace akakubali kwa aibu, na walipokutana walizungumzia hali ya hewa. Malori yalikuwa yameanza kupita siku mbili baada ya usiku ule na makaa mapya yakamwagwa mbele, kwa hiyo kwenye kona ya shimo fungu la zamani lilikuwa halijaisha, na Horace aliyajua makaa yake, yale mapana yenye kung'aa. Aliyapiga beleshi kila asubuhi, akayatia kwenye moto wa mtu mwingine. Juu ya kichwa chake miche ya Percy ilikuwa imefika magotini.

Asubuhi moja Percy alishuka ngazi akiwa na bahasha mkononi. Horace alilitambua jina la kampuni kabla hajafika chini.

"Wamerudi," Percy alisema. "Wameongeza bei. Eti serikali itaomba tena, safari nyingine Mfaransa hatakuwepo, na tutaingia tu. Wanataka langu na lako pamoja, Horace. Nikisema ndiyo, na wewe unalipwa."

Pauni elfu kumi na nane na zaidi zilikuwa mkononi mwa mtu huyu mwembamba. Madeni yalipwe, chumba chenye joto kwa mama yake, na yeye kutoka kwenye shimo hili. Neno moja lilitosha.

"Naogopa, bwana," alisema Percy. "Silali. Ungekuwa mimi ungefanyaje?"

Moto ulikuwa unanguruma kidogo nyuma ya mlango wa chuma. Horace aliutazama, kisha akamtazama jirani yake.

"Joyce anasemaje?"

"Sijamwonyesha."

"Nenda kamuulize," Horace alisema, akainama na kuchukua beleshi. "Mkalishe chini, umuulize, umsikilize mpaka amalize. Moto nitauangalia mimi."